Masahihisho ya Setilaiti na Wingu la Masika Tanga

Masika iliyopita nilisimama nje ya uwanja wa ndege wa Tanga nikimsubiri shangazi, aliyekuwa akitoka Dar es Salaam kuja kwenye arobaini ya kaka yake. Mvua ilikuwa imekatika, lakini wingu lilikuwa limelala karibu na vichwa vya minazi. Tuliisikia ndege ikipita juu yetu, ngurumo yake ikaelekea baharini, ikarudi, kisha ikafifia upande wa kusini. Shangazi alifika usiku kwa basi, khitma imekwisha. Rubani simlaumu hata kidogo, kwa kuwa asiyeiona njia ya kutulia hapaswi kutua. Ninacholalamikia ni kwamba dawa ya tatizo hili ipo na sisi bado hatujaidai kwa sauti.

Wengi hudhani kwamba ndege ikiwa na GPS, yaani kifaa kinachojua mahali kilipo kwa mawimbi ya setilaiti, imemaliza. Mvuvi wa Sahare anayelitafuta dema lake kwa kifaa cha mkononi akikosea mita kumi huzunguka kidogo akalipata. Aliye ndani ya wingu hana nafasi hiyo, na kosa linalomtisha zaidi ni la kimo, ambalo kwa kawaida huwa kubwa kuliko la upande, kwa sababu setilaiti zote anazozipokea ziko juu yake na hakuna hata moja iliyo chini. Mawimbi ya setilaiti hizo husafiri zaidi ya kilomita 20,000, na yakipita kwenye ionosfia, tabaka la juu la anga lenye chembe za umeme, huchelewa. Kila sehemu moja ya bilioni ya sekunde inayopotea ni kosa la sentimita 30 katika umbali.

Dawa ni masahihisho ya makosa haya, nayo hupatikana kwa vituo vya ardhini ambavyo mahali pake pamepimwa kwa uangalifu mkubwa. Kituo hulinganisha mahali kilipo kweli na yale ambayo setilaiti zinasema, kisha tofauti hiyo hukusanywa, hukokotolewa na kurushwa kwa ndege kupitia setilaiti nyingine iliyotulia juu ya ikweta. Marekani ilianza kuutumia mfumo wake, WAAS, mwaka 2003, na EGNOS wa Ulaya ukaruhusiwa kwa usalama wa ndege mwaka 2011. Kwa mifumo hiyo rubani anaweza kushuka hadi futi 200, yaani mita 60 hivi, kabla ya kulazimika kuiona njia kwa macho, bila uwanja wenyewe kuwa na mitambo ghali ya redio ya kuongozea ndege. Hata hivyo, ninachokithamini kuliko usahihi huo ni onyo: setilaiti ikianza kutoa taarifa za uongo, rubani huambiwa ndani ya sekunde chache asiitegemee.

Masahihisho ya Ulaya hatuwezi kuyaazima. Ionosfia ya ukanda wa ikweta huchafuka sana, hasa baada ya jua kuzama, kwa hiyo vituo lazima viwe huku kwetu na hesabu zake zitengenezwe kwa anga hii. ASECNA, shirika linalohudumia anga la nchi nyingi za Afrika Magharibi na Kati, ilianza kurusha mawimbi ya majaribio mwaka 2020. Afrika Mashariki ichangie mfumo wa namna hiyo, na kituo kimojawapo kijengwe Tanga. Wakati huohuo wapimaji waanze kazi isiyosubiri setilaiti yoyote: kupima kila mnazi mrefu na kila mnara wa simu uliosimama kwenye mstari wa kushukia, kwa sababu bila vipimo hivyo hakuna atakayemruhusu rubani kushuka chini ya wingu lile.