Kuanzishiwa uchungu: alama 4 zinatabiri nini hasa?

Tuseme mama wa uzao wa kwanza, mimba ya wiki 41, amelazwa katika hospitali moja wilayani Mpwapwa ili aanzishiwe uchungu. Mkunga anampima. Njia imefunguka sentimita 1, shingo ya kizazi imefupika nusu, si ngumu wala si laini, bado imeelekea nyuma, na kichwa cha mtoto kiko sentimita 2 juu ya ncha za mifupa ya nyonga. Kwa alama za Bishop, kipimo cha jinsi shingo ya kizazi ilivyo tayari kwa uchungu, anapata 1, 1, 1, 0 na 1. Jumla 4 kati ya 13. Je, atajifungua kwa njia ya kawaida?

Wanaozitetea alama hizi wana hoja. Gharama yake ni jozi ya glovu. Zikifika 9 na kuendelea, uwezekano wa kufaulu unakaribia ule wa mama ambaye uchungu umemwanza wenyewe. Zikiwa 6 au chini, shingo hulainishwa kwanza ndipo dripu ya oksitosini, dawa ya kuleta mikazo, itundikwe. Hata ultrasaundi ya kupima urefu wa shingo haijazishinda waziwazi.

Udhaifu unaanzia kwenye vidole. Mkunga wa zamu ya usiku akimpima mama yuleyule, akaona shingo ni laini na imekaa katikati, 4 inageuka 6 bila chochote kubadilika mwilini. Isitoshe, Edward Bishop alipozitoa alama hizi Marekani mwaka 1964, aliwalenga wanawake waliokwisha kuzaa. Mama wa uzao wa tatu mwenye 4 na huyu wetu mwenye 4 hawalingani hata kidogo. Ndiyo maana vikokotoo vya karibuni vya kutabiri kufaulu vinaongeza idadi ya uzazi, urefu, uzito na umri wa mimba.

Navyo vina kasoro, na hii ndiyo kubwa zaidi. Kikokotoo kilichotengenezwa kwa takwimu za mahali ambapo mama hupelekwa upasuaji mapema kinatabiri uvumilivu wa daktari kuliko kazi ya mji wa mimba. Kama mama na mtoto wako salama, si haki kuandika “imeshindikana” kabla oksitosini haijaendeshwa saa 12 hadi 18 tangu chupa ya uzazi ipasuliwe.

Halafu kuna dawa yenyewe, ambayo hakuna alama inayoipima. Oksitosini hutakiwa kukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Iache dirishani Dodoma mwezi Novemba, au kwenye friji iliyokatikiwa umeme, nguvu yake inapungua. Mikazo ikiwa hafifu, lawama anabebeshwa mama. Misoprostoli, dawa nyingine ya kuanzisha uchungu, nayo huharibiwa na unyevu ikitolewa kwenye pakiti yake. Kidonge cha mikrogramu 200 kukikata vipande vinane kwa wembe ni kubahatisha: kipande kimoja kinazidi, kingine kinapungua. Afadhali kuyeyusha kidonge kizima katika mililita 200 za maji safi, kutikisa kila mara, na kumpa mama mililita 25 kila saa 2. Mikazo ikizidi 5 ndani ya dakika 10, dozi inayofuata isitolewe. Mwenye kovu la upasuaji wa kizazi asipewe kabisa. Kizazi kinaweza kupasuka.

Njia nyingine ni katheta ya Foley, mrija wenye puto unaopitishwa kwenye shingo ya kizazi, puto likijazwa maji mililita 30 hadi 60. Likidondoka, njia huwa kama sentimita 3 na alama zinapanda, ila hapo puto ndilo lililosukuma. Hiyo 3 isisomwe kama iliyokuja yenyewe.

Mahali pasipo upasuaji, hata alama zikiwa 10, uchungu hauanzishwi. Mama apewe rufaa mapema. Panapo upasuaji, 4 haitoshi kumnyima mama nafasi ya kujaribu. Inatosha kuamua kwamba alainishwe kwanza, aanze asubuhi zamu ikiwa na watu, na ndugu waambiwe kazi inaweza kufika siku ya pili, ili wanaoleta uji kesho yake wasidhani mambo yamekwama.