Mwenye Nyumba Wangu na Mji wa Mizimu

Kuna watu Mungu amewapangia majirani wenye mbwa. Mimi mwenzenu nimepangiwa wimbo.

Nakaa Coventry, Uingereza, chumba cha juu, na chini anaishi mwenye nyumba, mzee wa Kizungu anayevaa tai ya vidraftidrafti vyeusi na vyeupe hata akienda kutupa taka. Narudi zamu ya usiku saa moja asubuhi, miguu imevimba kama mihogo iliyolowekwa. Ndiyo kwanza navuta blanketi, huku chini sindano inatua kwenye santuri. Upepo unavuma, kinanda kinanung'unika, halafu kuna watu wanalia kama wamefiwa. Wiki ya kwanza nilisoma Ayatul Kursi. Mimi mtu wa Tanga bwana, nikisikia sauti za namna ile asubuhi asubuhi siulizi bendi gani.

Siku niliyouliza ndiyo nikaharibu kabisa. "Ghost Town," akasema mzee, meno yote nje. Mji wa mizimu! Nimepanda ndege mbili kuikimbia mizimu, kumbe huku ina santuri yake.

Akanikalisha akanipa historia, na chai yenyewe hakunipa. Bendi inaitwa The Specials, watoto wa hapa hapa Coventry, wapiga ska, ule muziki wa Jamaika ambao gitaa linachapa pale mguu wako ukiwa bado hewani. Mtunzi ni Jerry Dammers, mpiga kinanda. Kibao kikatoka Juni 1981. Viwanda vya magari vinapunguza watu, nchi nzima wasio na kazi wamepita milioni 2, kumbi za dansi zinafungwa, vijana wakikutana ni ngumi. Dammers mwenyewe amesimulia kwamba walipokuwa ziarani alikuta vikongwe wa Glasgow wamepanga vikombe na visahani vyao barabarani wanauza. Roho ikamuuma, akatunga.

Hapo nikamsimamisha. Babu, bibi kuuza vikombe barabarani? Kwetu huyo ni mfanyabiashara, anadaiwa ushuru!

Tena 1981 anielezee mimi? Nilikuwa darasa la pili. Vita vya Kagera vimekwisha, tumeambiwa tufunge mkanda miezi 18, miezi imepita na mkanda unaongezwa matundu. Kazi yangu nyumbani ilikuwa kulinda jiwe. Ndiyo, jiwe. Foleni ya sabuni mtu hakai siku nzima, anaweka jiwe lake kushika nafasi. Letu lilikuwa la mviringo, mama kalichora alama kwa mkaa. Siku moja natoka shule nakuta mbele yake pamekaa tofali zima, halijui hata kusalimia. Sabuni ikaishia kwenye tofali. Nani alitutungia wimbo?

Wenzetu sasa. Aprili Brixton kule London imewaka moto kwa ghasia, Julai Toxteth kule Liverpool ikafuata na miji mingine nyuma yake, na wiki hizo hizo kibao kikashika namba moja. Wiki 3 hakibanduki! Magazeti makubwa ya muziki, NME, Melody Maker na Sounds, yote yakakichagua kuwa santuri ya mwaka. Kulalamika tu huko. Mimi nalalamika tangu saa moja asubuhi mpaka nalala, sijashika hata namba mia mbili.

Akanionyesha na video: watu saba wamebanana ndani ya Vauxhall moja, wanazunguka London tupu, nyuso zimenuna. Wamenunia nini? Kwetu abiria saba gari haliondoki, konda bado anaita.

Nilichokipenda kidogo ni tromboni. Anaipuliza Rico Rodriguez, aliyekulia Jamaika, na anaipuliza taratibu kama mtu anayejua kodi imepanda lakini hataki kugombana mbele za watu.

Basi ungedhani walikaa wakala jasho lao. Wapi! Wimbo uko namba moja, wameitwa kupiga kwenye kipindi cha televisheni cha Top of the Pops, na humo humo kwenye chumba cha kubadilishia nguo wanabendi watatu, Terry Hall, Neville Staple na Lynval Golding, wakasema wanajitoa. Wakaenda kuanzisha bendi yao, Fun Boy Three. Namba moja ya Uingereza, mtu anaikimbia! Mimi ningebaki pale hata kwa kushika nyaya.

Mzee alipofika hapo akafuta chozi. Nikaona moyo umelainika, nikachomekea: babu, ile hita ya chumbani kwangu imekufa tangu Novemba. Akageuza santuri upande wa pili.

Nikavaa koti, nikaenda maktaba kuu ya mjini. Kule kuna joto la bure na hakuna muziki. Nikatafuta kiti karibu na bomba la moto, nikanyoosha miguu, nikamweleza bibi aliyekuwa anasoma gazeti kwamba nimekimbia The Specials. Bibi akakunja gazeti polepole. Akaniambia jengo hili zamani lilikuwa ukumbi wa dansi, Locarno, na The Specials wameutaja kwenye wimbo wa upande wa pili wa santuri ile ile. Akaonyesha sakafu chini ya kiti changu, akasema hapo ndipo alipovunjikia kisigino.

Nikanyamaza. Baada ya kitambo nikasikia mtu ananung'unika ule wimbo, uuu, uuu. Nikageuka nimkaripie. Mhudumu wa maktaba alikuwa amesimama mbele yangu, kidole mdomoni, ananitazama mimi.