Mgonjwa wa Parkinson Apimwe kwa Hatua Zake Mwenyewe

Baba yangu mkubwa ana ugonjwa wa Parkinson, ule wa ubongo unaotetemesha mwili na kuufanya mwendo uwe mzito, na huu ni mwaka wa sita tangu aambiwe kwamba anao. Mwanawe alimwekea kwenye simu programu ya kuhesabu hatua, nayo ikamtaka atembee hatua 10,000 kila siku. Mzee hakuweza kuvuka 2,000. Kila jioni simu ilimwonyesha kwamba hakufikia lengo, na haikupita wiki ya tatu akaifungia kabatini, nasi jamaa zake tukasema kwamba amekata tamaa na hataki kujisaidia.

Tulimkosea. Dopamini, kemikali ya ubongo inayopungua kwa mgonjwa wa Parkinson, haiendeshi misuli peke yake, bali ndiyo pia inayotia hamu ya kuanza jambo na kuonja raha ya kulimaliza. Kwa hiyo mtu anayekaa kutwa kwenye kiti anaweza kuwa anajua vizuri faida ya kutembea, na hata anatamani kutembea, lakini ule msukumo wa kuinuka ndio ambao ugonjwa umeuchukua. Hapo ndipo naiona kazi halisi ya simu: imkumbushe na kumwita, isije ikamhukumu.

Hata hiyo hatua 10,000 haikutokana na tiba. Ilienezwa na kifaa kilichouzwa nchini Japani mwaka 1965 kwa jina la Manpo-kei, yaani kipimo cha hatua elfu kumi. Kumpa lengo hilo mtu anayeburuza miguu, na ambaye hatua zake fupi pengine simu haizihesabu zote, ni kumwandalia kushindwa.

Watafiti wa Nijmegen, nchini Uholanzi, wamelifikiria jambo hili kwa makini zaidi. Katika jaribio lao la Park-in-Shape, ambalo matokeo yake yalitolewa mwaka 2019, wagonjwa 130 walifanya mazoezi nyumbani kwa miezi 6 huku programu ya simu ikiwatia moyo. Walioendesha baiskeli isiyotoka mahali pake, dakika 30 hadi 45, mara tatu kwa wiki, dalili zao za mwili hazikuzorota kama za wenzao waliokuwa wakinyoosha viungo tu, walipopimwa kabla ya kumeza dawa. Baadaye wakabuni jaribio la STEPWISE, ambamo simu kwanza hupima hatua za kawaida za mgonjwa, kisha humwekea nyongeza juu ya hizo hizo. Huo ndio uungwana ninaoutaka katika programu hizi, kwamba mtu ashindane na jana yake.

Huku kwetu mahitaji ni makubwa. Utafiti uliofanywa wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2008, ulionyesha kwamba zaidi ya robo tatu ya wagonjwa waliobainika hawakuwa wamewahi kuambiwa ugonjwa wao. Mwaka 2010 yakachapishwa matokeo mengine kutoka huko huko Hai: wagonjwa ambao hawakuwa wameanza dawa walifundishwa kutembea kwa msaada wa viashiria, na mwendo wao ukaboreka. Kiashiria chaweza kuwa mistari iliyochorwa sakafuni au mlio wenye mapigo yaliyo sawa ambao mgonjwa huufuata kwa mguu, na mlio wa namna hiyo hata simu ya bei nafuu inaweza kuutoa bila intaneti.

Ndiyo maana ningependa watengenezaji wa programu hizi watumie sauti zaidi kuliko kioo. Vidole vinavyotetemeka havigusi vitufe vidogo kwa urahisi, na mgonjwa anayetembea huku ameinamia simu anagawa umakini ambao anauhitaji wote ili asianguke. Sauti hiyo izungumze Kiswahili, tena kwa heshima anayostahili mtu mzima.

Baba mkubwa ameitoa simu kabatini. Lengo lake sasa ni hatua 2,200, daktari wake amelikubali, na hutoka saa moja hivi baada ya kumeza dawa, mwili unapokuwa haujakakamaa. Simu huita, lakini mwanawe naye humpigia dakika chache baadaye kumuuliza kama ameshavaa viatu, na mara nyingi huwa tayari yuko mlangoni.