Nendeni kituoni na cheti cha kuzaliwa

Simu ikiingia usiku kwamba kijana amekamatwa, familia nyingi hukimbilia jambo moja: kutafuta pesa. Mchango unaanzishwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, mjomba anaulizwa kama ana mtu anayefahamiana naye kituoni, na mpaka kunakucha hakuna aliyefungua kabati kutoa cheti cha kuzaliwa. Mimi nasema hapo ndipo kesi za watoto wetu zinapoharibika. Karatasi ile ya RITA, wakala wa serikali ya Tanzania unaosajili vizazi, ingemsaidia kijana kuliko mchango wote ule.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu mwenye umri chini ya miaka 18. Haiulizi kama ana ndevu, kama ameacha shule, kama anaendesha bodaboda au kama tayari ana mtoto wake. Akiwa na miaka 17 na miezi 11, kesi yake ni ya Mahakama ya Watoto, isipokuwa kosa la mauaji. Inasikilizwa faragha, akiwepo afisa ustawi wa jamii na mzazi au ndugu. Kubwa zaidi, sheria hiyo inakataza mtoto kuhukumiwa kifungo cha gerezani. Na aliye chini ya miaka 10 hawezi kuwa na kosa la jinai kabisa; aliye kati ya 10 na 12 hawajibiki mpaka ithibitishwe kwamba alikuwa na uwezo wa kujua kuwa alichofanya hakifai. (Nazungumzia Tanzania Bara. Zanzibar wana sheria yao ya mtoto, ya 2011.)

Haki zote hizo zinasimama juu ya tarakimu moja, na tarakimu hiyo huandikwa kaunta na askari wa zamu. "Una miaka mingapi?" Kijana wa 17 anajibu 18. Wengine hutaka kuonekana wakubwa, wengine wameambiwa na waliowakuta ndani kwamba mtu mzima hutoka haraka, na wapo wasioujua mwaka wao wa kuzaliwa. Kutoka kaunta tarakimu inahamia kwenye maelezo, kutoka kwenye maelezo inaingia kwenye hati ya mashtaka, na kila anayeipokea ananakili tu alichokikuta. Siku ya mahakamani anasimama mtoto wa kidato cha tatu, na hati inasema "miaka 18". Asiponyoosha mtu mkono, anapelekwa mahabusu ya watu wazima badala ya mahabusu ya watoto kama zile za Upanga, Arusha, Moshi, Tanga na Mbeya.

Kwa hiyo nendeni na cheti halisi pamoja na nakala tatu. Halisi onyesheni, msikiache. Nakala moja mpeni mpelelezi, ya pili mkuu wa kituo, ya tatu ibaki kwenu kwa ajili ya hakimu. Kama cheti hakipo, chukueni tangazo la kizazi (karatasi inayotolewa mtoto anapozaliwa), kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo au barua ya shule ya msingi yenye tarehe iliyo kwenye rejista. Mzazi mwenyewe naye ni shahidi wa umri. Mama akiapa na kueleza alijifungua lini na wapi, huo ni ushahidi. Msijaribu kupunguza mwaka. Cheti kilichotolewa wiki moja baada ya kukamatwa, chenye tarehe inayogongana na rejista ya shule, kitawafanya msiaminiwe hata kwenye mambo mliyosema kweli.

Kama umri umeshakosewa, mahali pa kuusahihisha ni mahakamani siku ya kwanza, kabla kijana hajajibu shtaka. Inatosha kusema, "Mheshimiwa, umri ulioandikwa si sahihi, mimi nina miaka 16, mzazi wangu yupo hapa na cheti." Hakimu anatakiwa kuuchunguza umri huo. Akishtakiwa pamoja na mtu mzima, kesi inaweza kusikilizwa mahakama ya kawaida, lakini yeye anabaki kuwa mtoto, kwa hiyo semeni hivyo hivyo.

Jambo la pili ni maelezo ya onyo, yaani yale polisi wanayoyaandika kwa kumhoji mtuhumiwa baada ya kumwonya kuhusu haki zake, na hapa hata aliyetimiza miaka 18 asikilize. Kabla ya kuhojiwa ni lazima uambiwe kosa unalotuhumiwa, na kwamba hulazimiki kujibu chochote zaidi ya jina na anwani yako. Una haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Akiwa ni mtoto, polisi wana wajibu wa kumjulisha mzazi au mlezi; mzazi ukifika, omba kukaa naye wakati wa mahojiano, na omba kwa heshima bila kufoka. Muda wa kawaida wa kumhoji mtuhumiwa ni saa 4 tangu awekwe chini ya ulinzi, bila kuhesabu muda wa safari ya kumfikisha kituoni, na unaweza kuongezwa kwa utaratibu wa sheria. Ndiyo maana ndugu wa kwanza kupata habari aandike kwenye simu yake: alikamatwa saa ngapi, wapi, na nani alikuwepo. Maelezo yanaonyesha saa yalipoanza na saa yalipoisha. Kijana aliyekamatwa saa 2 asubuhi na maelezo yake yakaanza saa 1 jioni ana hoja nzito ya kisheria, lakini haitamsaidia kama hakuna anayekumbuka saa.

Kisha inakuja saini. Kijana ana haki ya kuyasoma maelezo, au kusomewa, na kusahihisha palipokosewa. Asome kila ukurasa. Neno "tulikubaliana" likiingia mahali aliposema "tulikutana", limeshamuunganisha na njama. Akiwa hakubali kilichoandikwa, asitie saini. Na kama alipigwa, apate PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, na kutibiwa mapema, kovu likiwa bado jeraha.

Wengi husubiri zamu yao ya kujitetea ndipo waseme walilazimishwa. Wakati huo umeshapita. Upande wa mashtaka unapoomba maelezo yapokelewe kama kielelezo, hakimu humuuliza mshtakiwa kama ana pingamizi. Ni hapo, kabla hayajapokelewa, aseme: "Napinga, sikuyatoa kwa hiari." Mahakama itasimamisha kesi kwanza na kuchunguza jinsi yalivyopatikana.

Kuhusu dhamana nitakuwa mfupi. Dhamana ya polisi hailipiwi. Mtu anatakiwa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, na kama haiwezekani, mkuu wa kituo aangalie kumpa dhamana isipokuwa kosa ni zito. Mdhamini aje na kitambulisho cha NIDA na barua ya serikali ya mtaa. Kwa mtoto mlango ni mpana zaidi: aachiwe kwa dhamana ya mzazi, isipokuwa kosa ni la mauaji au adhabu yake inazidi miaka 7, au iwe hatari kwake mwenyewe kurudi kwenye kundi baya, au kumwachia kutavuruga haki.

Mahakamani shtaka likisomwa, kijana asijibu "ni kweli" kwa maana ya "ni kweli nilikuwepo". Jibu hilo linaweza kuandikwa kuwa amekiri kosa, na aliyekiri huwa amejifungia sehemu kubwa ya njia ya rufaa. Akiwa hajaelewa, aombe asomewe tena kwa maneno mepesi. Asiye na uwezo wa wakili aombe hapohapo msaada wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inampa hakimu nafasi ya kuidhinisha apewe.

Wapo pia vijana ambao sasa hivi wako gerezani kwa umri uliokosewa. Ukihukumiwa na mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi, taarifa ya kusudio la kukata rufaa Mahakama Kuu hutolewa ndani ya siku 10, na rufaa yenyewe ndani ya siku 45, bila kuhesabu muda wa kusubiri nakala za mwenendo wa kesi na hukumu. Aliye ndani huipitisha kwa mkuu wa gereza. Sababu ya kwanza kwenye orodha iwe umri, na nakala ya cheti iambatanishwe.