Apdeti ni dawa, lakini imewahi kuwa sumu

Kuna duka la steshenari ninakotolea kopi na kuprinti karatasi zangu. Pembeni mwa kioo cha kompyuta yao pamebandikwa kijikaratasi kilichoandikwa kwa kalamu nyekundu: APDETI HAPANA. Siku moja nilimuuliza dada mwenye duka kulikoni.

"Kaka, hiyo apdeti ndiyo virusi vyenyewe," akanijibu huku anapanga karatasi kwenye printa. "Inakula bando lote, halafu mashine inajizima mteja kasimama hapa na barua yake ya kazi."

Mtaalamu wa usalama wa kompyuta angecheka. Mimi nilishindwa, maana maneno yale yana nusu ya ukweli, na nusu hiyo imewahi kuwaangusha watu wakubwa kuliko yeye.

Tuanze na nusu ya wataalamu. Tarehe 14 Machi 2017, Microsoft ilitoa kiraka, yaani apdeti ya kuziba tundu la kupenyea wadukuzi, katika sehemu ya Windows inayowezesha kompyuta za ofisi moja kushirikiana mafaili na printa. Mwezi mmoja baadaye kundi linalojiita Shadow Brokers likamwaga hadharani zana ya kupenya kwenye tundu hilohilo, zana inayoaminika kutoka kwa majasusi wa NSA wa Marekani. Tarehe 12 Mei kikaibuka kirusi cha WannaCry. Hakikusubiri mtu abonyeze chochote. Kiliruka chenyewe kutoka mashine hadi mashine, kinafunga mafaili na kudai dola 300 kwa bitcoin, sarafu ya mtandaoni. Kilizikumba kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, na huko Uingereza hospitali za umma zikaahirisha maelfu ya miadi ya wagonjwa. Wengi wa waliopigwa walikuwa na Windows 7, ambayo kiraka chake kilishakuwepo kwa miezi miwili, tena bure. Kwa hilo sina la kuwatetea.

Siku 46 baadaye mambo yakageuka. Ukraine kuna programu ya uhasibu iitwayo M.E.Doc, inayotumiwa na makampuni mengi kuandaa hesabu za kodi. Wadukuzi walikuwa wamejipenyeza kimyakimya kwenye seva za watengenezaji wake na kutumbukiza sumu ndani ya apdeti yenyewe. Tarehe 27 Juni sumu ile, iliyokuja kuitwa NotPetya, ikafumuka. Mhasibu aliyefuata ushauri wa kusasisha programu zake ndiye aliyemfungulia mwizi mlango. Ikishaingia, ilitumia tundu lilelile la WannaCry, lakini pia iliokota nywila zilizokuwa kwenye kumbukumbu ya mashine na kuzitumia kuingia kwingine, kwa hiyo hata kompyuta zenye kiraka zilianguka. Ilijidai inataka fidia, ila hata ukilipa hukuwa na njia ya kufungua mafaili yako. Marekani na Uingereza ziliinyooshea kidole Urusi, nayo ikakana.

Halafu kuna ajali tupu, isiyo na mdukuzi yeyote. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya CrowdStrike, ambayo kazi yake ni kulinda kompyuta, ilituma faili moja lenye kasoro kwa wateja wake. Waliliondoa baada ya dakika 78. Hata hivyo, kompyuta zipatazo milioni 8.5 zilikuwa zimeshagoma kuwaka na kubaki na kioo cha bluu, ndege hazikuruka, na mafundi walilazimika kwenda mashine moja moja kulifuta faili kwa mkono.

Je, dada wa steshenari ameshinda kesi? Hapana. Kiraka kinapotolewa, wadukuzi nao wanakipakua. Wanalinganisha programu ya kabla na ya baada, na pale palipobadilika ndipo wanajua tundu lilikuwa wapi. Tangazo la tiba linakuwa ramani ya ugonjwa, na kila siku unayochelewa wewe ndiye mgonjwa mwenye anwani inayojulikana. Apdeti zilizotiwa sumu zipo, ila ni chache na hutengenezwa kwa jasho kubwa kwa ajili ya windo kubwa. Tundu lisilozibwa hutumiwa kila siku na yeyote dhidi ya yeyote. Kampuni yenye kompyuta elfu moja ina sababu ya kujaribu apdeti kwenye mashine kumi kwanza, ikasubiri siku moja au mbili. Mwenye kompyuta moja hana cha kujaribia. Asasishe.

Ila naomba tusimpite haraka. Lawama yake haswa ilikuwa bando na mteja aliyesimama, mambo ambayo washauri wengi hawayagusi kwa sababu ofisini kwao intaneti haiishi. Dawa yake ipo ndani ya Windows: unaweza kuiambia mtandao huu unapimwa (metered connection), yaani data yake ina kikomo, nayo itaahirisha sehemu kubwa ya apdeti nzito, na unaweza kuiwekea saa za kazi ili isijiwashe upya mchana. Dada hakuwahi kuambiwa. Fundi aliyemwekea Windows ya kukraki alizima kila kitu, akachukua hela yake, akaenda.

Zito zaidi ni la mashine zenyewe. Microsoft iliacha kuitolea Windows 10 viraka vya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha nane na kuendelea, wakati laptopu nyingi za mtumba zinazouzwa Kariakoo ni za kizazi cha nne hadi cha sita. Kumwambia mwenye mashine hiyo "sasisha" ni kumwambia akanunue nyingine, na anayetoa ushauri huo aseme pia bei yake.

Katika mkasa wa NotPetya kuna kisa ninachokipenda kuliko vyote. Kampuni ya meli ya Maersk ilipoteza karibu seva zote zilizotunza orodha ya watumiaji na ruhusa zao, na bila orodha hiyo mtandao wake usingeweza kusimama tena. Zilikuwa takriban 150, kila moja ikiwa nakala ya mwenzake, na zote zilifutwa kwa pamoja kwa sababu zote zilikuwa zimeunganishwa. Ilipona moja tu, Ghana. Umeme ulikuwa umekatika kabla ya shambulio, seva ikawa nje ya mtandao. Intaneti ya huko ilikuwa ya polepole mno kutuma data zile, na mfanyakazi wa Ghana hakuwa na viza ya Uingereza. Ikabidi aipeleke diski kwa ndege hadi Nigeria, akamkabidhi mwenzake aliyeivusha hadi Uingereza.

Nilimsimulia dada kisa hicho, akacheka sana aliposikia mgao wa umeme umeokoa kampuni ya Wazungu. Akaniambia yeye pia ana bakapu, mafaili yote ya wateja yamo kwenye diski ya nje (hard disk). Akanionyesha. Ilikuwa imechomekwa nyuma ya kompyuta, taa yake inawaka, na waya wake umefungwa kwa selotepu ili usichomoke.