Austin Yangu Yazuiwa Getini

Jamani, hapa Nairobi mpe mtu kofia na fulana yenye beji, keshakuwa serikali.

Jumapili nimeosha Austin Cambridge ya marehemu baba, ya 1964, nikaisugua bampa mpaka nikaona mvi zangu, huyo Lang'ata kwenye mkutano wa wenye Morris. Getini kijana ananiambia, "Mzee, hii si Morris. Paki kule nje, penye Probox." Probox! Lakini mia tano ya kiingilio alikuwa ameshaitia mfukoni. Hiyo haikuulizwa ukoo.

Akaitwa mwenyekiti. Yeye ana Morris Oxford ya rika lilelile. Nikamwambia, "Ndugu mwenyekiti, hizi gari ni mapacha. Umbo lilichorwa na Pininfarina, wale wachoraji magari wa Italia, injini ni ileile ya cc 1622. Waingereza walibadilisha grili na beji tu, wakawauzia wazee wetu." Akakohoa, kile kikohozi cha watu wa kamati. Ati Austin na Morris walikuwa mahasimu. Walikuwa! Waliungana 1952, mimi na yeye hata kuzaliwa bado.

Nikachungulia ndani. MG ipo. Sawa, hiyo M ni ya Morris, sibishi. Kumbe na Wolseley ipo, tena imepewa kivuli! Hii nayo imepitaje? "William Morris aliinunua kampuni yao 1927," anasema, kifua mbele. Haya. Na gari za kwanza kabisa za Wolseley aliziunda nani? Herbert Austin! Huyohuyo, kabla hajafungua kampuni yake 1905. Yaani kazi ya mikono ya mzee iko kivulini na wageni waheshimiwa, jina lake linakula vumbi na Probox.

Kamati ikasema sheria ni sheria. Vizuri. Mwaka jana Oxford ya mwenyekiti ilisaga giaboksi njiani Limuru. Nani alizunguka naye Grogan, kule kwenye vipuri, kutafuta nyingine? Mimi. Tukaipata wapi? Kwenye Austin iliyochinjwa! Fundi aliifunga, wala haikulalamika kwamba imeolewa kabila lingine.

Basi mwenyekiti, tufuate sheria. Morris yako ikae ndani, giaboksi ifunguliwe iletwe huku nje kwangu. Halafu jioni uendeshe mpaka nyumbani.