Rupia za Dhahabu za Tabora na Maana ya Kuwekeza katika Sarafu za Kale

Swali ninaloulizwa mara nyingi kuhusu sarafu za kale za dhahabu na fedha ni hili: ina gramu ngapi? Hilo ni swali la sonara, na kwa kazi yake ni swali sahihi kabisa, kwa kuwa yeye hununua madini ili ayayeyushe na kuyageuza pete au kidani. Anayetaka kuweka mali yake katika sarafu adimu za kihistoria anapaswa kuanzia kwingine. Mfano nitakaoutumia kulieleza hilo ni sarafu iliyopigwa chapa katika ardhi ya Tanzania yenyewe, yaani sarafu moja ya dhahabu yenye thamani ya rupia 15 (rupia ikiwa fedha ya koloni la Kijerumani), iliyotengenezwa Tabora mwaka 1916.

Vita Kuu ya Kwanza vilipoanza mwaka 1914, manowari za Waingereza ziliifunga bahari, na koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani likakosa sarafu na noti zilizokuwa zikiletwa kutoka Ujerumani. Serikali ya kikoloni ilikuwa na askari na wapagazi wa kuwalipa na chakula cha kununua, huku wenyeji wakiwa hawana sababu ya kuyaamini makaratasi yaliyochapwa haraka haraka humu humu nchini. Ndipo dhahabu ya mgodi wa Sekenke ilipopelekwa Tabora, na katika karakana ya reli, kwa mitambo ambayo haikutengenezwa kwa kazi hiyo, zikapigwa sarafu zipatazo 16,000. Upande mmoja una tembo aliyeinua mkonga, nyuma yake milima. Upande wa pili una tai wa dola ya Ujerumani. Tarehe 19 Septemba 1916, majeshi ya Force Publique kutoka Kongo ya Kibelgiji, yaliyoongozwa na Charles Tombeur, yaliingia Tabora, na hakuna serikali iliyoziendeleza sarafu hizo baada ya hapo.

Sasa tupige hesabu ya sonara. Sarafu hii ina uzito wa gramu 7.168 na ni ya karati 18, maana yake robo tatu tu ndiyo dhahabu, ambayo ni gramu 5.376. Kwa kiwango rasmi cha wakati ule, rupia 15 zililingana na mark 20 za Ujerumani, na sarafu ya mark 20 ilikuwa na gramu 7.168 za dhahabu safi. Kwa hiyo sarafu ya Tabora ilipungukiwa na robo ya dhahabu ambayo thamani iliyoandikwa juu yake iliidai, tangu siku ilipotoka karakanani. Robo hiyo iliyokosekana ilibebwa na ahadi ya serikali iliyokuwa ikirudi nyuma vitani. Ahadi hiyo ilikufa zamani, lakini mnadani leo sarafu hiyo hiyo, ikiwa katika hali nzuri, huuzwa kwa bei inayozidi thamani ya dhahabu yake mara kadhaa. Ziada hiyo hailetwi na madini. Wanunuzi wanailipia karakana ya Tabora, tembo, uchache wa sarafu zenyewe, na ukweli kwamba tunajua kwa uhakika ilitoka wapi na kwa nini.

Mfano wa pili ni wa fedha, na unaonyesha upande wa pili wa jambo hili. Riale ya Maria Theresa, ambayo kwa miaka mingi ilipokewa katika masoko ya Unguja, Mombasa, Oman, Yemen na Ethiopia, ina mwaka 1780, mwaka aliofariki malkia huyo wa Austria. Wafanyabiashara waliizoea sura ile ile kiasi kwamba walikagua lulu za taji na kito cha begani katika picha ya malkia kabla ya kuikubali, na waliokuwa wakiitengeneza wakaona ni afadhali wasibadili hata mwaka. Austria yenyewe iliacha kuitambua kama fedha halali mwaka 1858, lakini sarafu iliendelea kupigwa chapa Vienna, na katika karne ya 20 ikapigwa pia Roma, London, Paris, Brussels na Bombay, yote ikiwa na 1780 ile ile. Ni sarafu nzuri, yenye gramu 28 na ushei, fedha yake ikiwa sehemu 833 katika 1,000, na mimi ninaipenda sana kwa sababu imebeba sehemu kubwa ya biashara ya Bahari ya Hindi. Hata hivyo, bei ya nyingi kati yake haipandi mbali juu ya bei ya fedha iliyomo, kwa kuwa ziko nyingi na bado zinatengenezwa. Anayeinunua kwa bei kubwa akidhani ana kitu cha karne ya 18 mkononi, kwa sababu tu ameusoma mwaka ulioandikwa, amelipia historia ambayo hakuipata.

Ukiziweka hizi mbili pamoja utaona kwamba umri hautoshi, dhahabu au fedha haitoshi, na hata uzuri hautoshi. Kinachoipa sarafu adimu bei yake ni ujuzi ulioizunguka: aina yake, mahali ilipopigwa, idadi iliyosalia, na hali yake. Hata sarafu za Tabora zina aina mbili, zinazotofautishwa na mahali pambo dogo linapoishia chini ya herufi za neno Ostafrika. Mtu asiyejua hilo anamwachia muuzaji aamue bei peke yake.

Kwa sababu hiyo sikubaliani na wanaozinadi sarafu adimu kama akiba salama yenye faida ya uhakika. Mwezi Januari 2013, dola ya fedha ya Marekani ya mwaka 1794, ambayo wataalamu wengi huihesabu kuwa miongoni mwa dola za kwanza kabisa kupigwa chapa nchini humo, iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 10. Ilipopelekwa tena mnadani mwaka 2020, haikumpata mnunuzi wa kuifikia bei aliyoitaka mwenyewe. Mwaka 2022 ilinunuliwa kwa dola milioni 12. Ukigawa ongezeko hilo kwa miaka tisa, unapata kama asilimia mbili kwa mwaka, kabla ya bima na ulinzi. Ada za mnada nazo, kwa mnunuzi peke yake, mara nyingi hufika asilimia 20 juu ya bei iliyotangazwa. Ikiwa sarafu mashuhuri kiasi hicho inaweza kukaa bila mnunuzi, mwenye sarafu ya kawaida asitegemee kuiuza wiki ile anayodaiwa karo ya shule. Fedha ya karo ikae benki. Sarafu inunuliwe na mtu anayeweza kuishi nayo miaka kumi au ishirini, na ambaye angefurahi kuwa nayo hata kama bei isingepanda.

Nisisitize suala la hali ya sarafu, kwa sababu hapa ndipo mali nyingi huharibiwa kwa nia njema. Sarafu ya kale haisuguliwi. Utando wa rangi ya kahawia au buluu unaojijenga juu ya fedha kwa miaka mingi ni ushahidi ambao mkusanyaji anautafuta, na anayeusugua kwa majivu au dawa ya meno ili ing'ae ameondoa sehemu kubwa ya bei kwa mkono wake. Vivyo hivyo sarafu ya dhahabu iliyowahi kulehemewa kipete ili ivaliwe shingoni huacha alama ukingoni, na alama hiyo hushusha bei hata kipete kikishaondolewa. Kampuni za kupima hali ya sarafu, kama PCGS na NGC za Marekani, hutumia kipimo cha alama 1 hadi 70 na kuifunga sarafu katika kasha la plastiki, na tofauti ya alama chache inaweza kuwa tofauti ya maelfu ya dola. Siku hizi hata makasha hayo yanaghushiwa, kwa hiyo namba iliyoandikwa juu yake ihakikiwe kwa kampuni yenyewe kabla ya kulipa.

Kuna sarafu ambazo nisingependa ziingie kabisa katika mazungumzo ya uwekezaji. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu, Pemba, wanaakiolojia walifukua zaidi ya sarafu 2,000 ndogo za fedha, pamoja na dinari chache za dhahabu za Fatimia (dola ya Kiislamu iliyotawala Misri), zilizofichwa pamoja karne ya 11. Majina ya watawala wa pwani yaliyomo katika fedha hizo yametufundisha mambo ambayo hakuna maandishi mengine yaliyotufikishia, na tumeyajua kwa sababu zilipatikana pamoja, mahali pamoja, mbele ya watu waliokuwa wakiandika kila walichokiona. Kama mtu angezifukua usiku na kuziuza moja moja, tungebaki na vipande vya fedha tu. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na Kenya ina sheria yake ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006. Anayeletewa sarafu ya Kilwa yenye udongo bado asiulize bei, bali amwelekeze aliyeileta kwenye makumbusho.

Kwa sarafu ambazo ni halali kumiliki, yaani rupia za Tabora, rupia za Mombasa za mwaka 1888, riale za Sultani Barghash za mwaka 1882 na nyinginezo, ombi langu kwa kila mwenye nazo ni kuandika. Aandike alinunua kwa nani, lini, kwa bei gani, na ni aina ipi, kisha aiweke karatasi hiyo pamoja na sarafu na kumwonyesha mmoja wa warithi wake. Rupia 15 za Tabora zikirithiwa bila maelezo hupelekwa kwa sonara, na sonara, ambaye hana kosa lolote, huzilipia kama gramu 7 za karati 18.